Sentimita Themanini

Fundi nondo alizaliwa mbishi, na binti yake mhandisi aliurithi ubishi huo wote. Safari hii walibishania nguzo nane za shule, zilizokwisha kumwagwa zege. Mchoro wa binti ulitaka nondo zichomoze sentimita themanini juu ya kila nguzo, zipishane na nondo za ghorofa ya pili. Mzee aliletewa nondo fupi, akaacha thelathini na tano, kisha akafidia kwa waya wa kufungia, akizungusha na kukaza kwa koleo. Aliamini waya ndio unaoshika. Miaka thelathini kazini, hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Binti akitia saini kuipitisha, watoto watasomea chini ya kazi ile. Akikataa, baba ataaibika mbele ya vijana wake wa kazi. Binti akasimamisha kazi, yeye na baba yake wakamwaga vipande viwili vya zege katika maabara ya chuo. Cha kwanza kilikuwa na mpishano wa thelathini na tano, umefungwa na mzee mwenyewe. Cha pili kilikuwa na themanini bila waya hata mmoja, nondo zimelala sambamba pasipo kugusana. Mzee alicheka, akasema hizo zitachomoka kama jino la mtoto.

Wiki nne baadaye, zege lilipokomaa, mashine ikavuta. Kipande cha kwanza kilipasuka kwa urefu, nondo zikateleza, waya ukakatika vipande. Cha pili kikavutwa, kikavutwa tena, halafu ukasikika mlio uliomrusha mzee hatua mbili nyuma. Nondo ilikuwa imekatika nje ya zege. Mpishano haukusogea hata unywele.

Mzee aliomba kuigusa nondo iliyokatika. Ncha ilikuwa ya moto. Alipitisha kidole kwenye vile vituta vya nondo, ambavyo zege huving'ang'ania, na ambavyo siku zote alidhani ni urembo wa kiwandani. Binti aliijua hesabu ya mpishano ule kwa moyo, lakini naye akainama kuigusa.

"Na hazikugusana," mzee alisema polepole. "Zege ndilo linalohamisha mzigo toka nondo hii hadi ile?"

"Ndilo, baba. Ukilipatia urefu wa kutosha."

Asubuhi yake binti alimkuta juu ya jukwaa na patasi, akibomoa kichwa cha nguzo ya kwanza ili nondo zifunuke sentimita arobaini na tano zaidi. Vijana walitaka kumpokea nyundo, akakataa.

"Nilikosea," aliwaambia, akiendelea kugonga. "Miaka yote hii nilidhani ni mikono yangu inayoshika."