Mbuzi Anapita, Ng'ombe Anagoma

Angekuwa ameibiwa mume, watu wangemwelewa. Wangekuja kukaa naye, wangempikia uji, wangemtaja mwizi kwa jina na kumtukana mpaka basi. Lakini Melania hakuiba mume wa Vumilia. Aliuchukua mfumo, na mtu akilia kwa sababu ya mfumo wa kompyuta, nani atamletea pole?

Mfumo wenyewe ulikuwa wa minada ya mifugo. Mtu anafika mnadani Mhunze na wanyama wake, karani anabofya kwenye kishikwambi: mnyama gani, anauzwa na nani, ananunuliwa na nani, anakwenda wapi. Kisha kibali cha kusafirisha kinatoka kwenye kiprinta kidogo. Vumilia aliuandika akiwa na mimba ya Minza. Mchana alikaa mapokezi kwenye ofisi ya Valerian, vyumba viwili juu ya duka la pembejeo, Shinyanga mjini; jioni alikwenda darasa la kompyuta, tumbo limetangulia mbele. Minza akazaliwa, mfumo ukaanza kazi, na Valerian akawa anawatambulisha wageni kwake hivi: "Huyu ndiye mama wa wote wawili."

Ndipo akaja Melania, na shahada yake, na misuko mirefu yenye shanga za rangi.

"Fremuweki yetu imezeeka," Valerian alisema siku hiyo. Fremuweki ni ile mifupa ambayo mfumo mzima umejengwa juu yake, na walioitengeneza walikuwa wametangaza kwamba toleo lile hawalitibu tena. "Melania ataipandisha toleo jipya. Wewe Mama Minza utamwonyesha ulipoweka vitu."

Kumwonyesha ulipoweka vitu. Kama mke mkubwa anayemfungulia mke mdogo kabati la vyombo.

Alimwonyesha. Alimwonyesha kwa mdomo mfupi, jibu moja kwa swali moja, basi. Melania hakuonekana kujali. Aliweka masikioni vile vipokea sauti vyake vidogo, akaandika, na kila baada ya muda aliziendesha testi. Testi ni programu ndogo zinazojifanya karani: zinaingia kwenye mfumo, zinabofya, zinaangalia kilichotoka. Zikiridhika, kijani. Zisiporidhika, nyekundu. Zamani testi za Vumilia zilikuwa kijani asubuhi mpaka jioni. Tangu fremuweki mpya iwekwe, baadhi zikageuka vigeugeu. Zinapita sasa hivi, unaziendesha tena bila kugusa kitu, zinagoma.

"Testi zako zina mashetani, Mama Minza," Valerian alitania.

"Hayakuwemo kabla hazijaguswa," alijibu, bila kumtazama aliyezigusa.

Kinachouma ni kwamba Melania alijua kazi. Testi moja ilikuwa inabofya kitufe kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Mtandao ukiwa na nguvu inapita, ukilegea inagoma. Vumilia alikuwa ameiambia isubiri kidogo. Melania aliiambia isubiri mpaka kitufe kionekane, iwe mapema, iwe kwa kuchelewa. Mstari mmoja tu. Vumilia aliusoma Melania alipotoka kwenda msalani, akausoma tena. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake ulimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Halafu Minza naye. Mlezi alikuwa anamleta ofisini mchana, na mtoto huyo, ambaye kwa watu wengine wote alikuwa mgumu kama jiwe, alikwenda moja kwa moja kwenye magoti ya Melania kuhesabu shanga.

"Mama Meli!"

"Sema shangazi," Vumilia alimrekebisha.

"Mama Meli."

"Shangazi, Minza!"

"Mwache bwana," Melania alicheka. "Mama ni wengi."

Mama ni wengi! Vumilia aligeukia dirisha, akajifanya anatazama lori linaloshusha mbolea.

Wiki ile Valerian alitoa neno. Toleo jipya lingeanza Alhamisi, mnada wa Mhunze, mbele ya wageni kutoka Geita. Likienda vizuri, Melania angekuwa mkuu wa mifumo, na baada ya hapo wangekwenda naye upande wa Geita: Kharumwa walikuwa wanauhitaji mfumo kwa ajili ya mnada wao, na wauza dagaa wa Nkome walishaanza kuulizia. Likiharibika, wangerudi kwenye toleo la zamani, yaani la Mama Minza, na mambo yangebaki yalivyokuwa. Aliyasema hayo huku akimtazama Melania. Zamani macho yale yalikuwa ya Vumilia.

Ilibaki testi moja tu ya kigeugeu. Jumanne mchana Melania alipiga meza.

"Nimeikamata! Ilikuwa inachagua mnyama kwa kubahatisha. Mara mbuzi, mara kondoo, mara punda, mara ng'ombe. Testi haibahatishi, Mama Minza. Nimeifunga kwenye mbuzi."

Aliziendesha zote. Kijani. Akaziendesha tena. Kijani. Valerian alituma soda, watu wakapongezana, na Vumilia akainua chupa yake pamoja nao huku kichwani swali linazunguka: kama inapita kwa mbuzi, basi ilikuwa inagoma kwa nani?

Hakuliuliza. Aliwaacha na soda zao, akakaa kwenye kompyuta yake, akafungua toleo jipya. Akachagua mbuzi, kikatoka kibali safi. Kondoo, safi. Punda, safi. Akachagua ng'ombe, na kibali kikaandikwa hivi:

Aina ya mnyama: ng'ombe.

Alielewa papo hapo. Ni ile alama ndogo ya juu, inayokaa katikati ya ng na o. Kwenye mtandao alama hiyo huogopwa, kwa sababu mhuni anaweza kuitumia kupenyeza amri zake. Fremuweki ya zamani haikujua kujilinda, kwa hiyo Vumilia mwenyewe aliandika mstari wa kuivalisha alama hiyo kofia, yaani kuiandika kwa namba, na ikifika kwenye kivinjari huvuliwa, msomaji anaona ng'ombe kama kawaida. Fremuweki mpya inavalisha yenyewe. Mstari wa Vumilia ulikuwa bado upo. Kofia mbili, na kivinjari kinavua moja.

Kosa lilikuwa la mstari wake. Aliyelifunika ni Melania, kwa mbuzi wake. Na Mhunze mtu gani anapeleka mbuzi tu? Alhamisi ng'ombe wa kwanza angefika mbele ya karani, mbele ya Valerian na wageni wake kutoka Geita, na Melania angeumbuka.

Vumilia aliufunga ukurasa. Alihisi utamu wa muwa wa kwanza wa msimu.

Njiani kwenda nyumbani, Minza mgongoni, alimpigia Jilala, mumewe, aliyekuwa machimboni Kharumwa. Nyuma ya sauti yake mashine za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma, ikabidi amsimulie kwa kupaza sauti.

"Nyamaza kimya!" Jilala alishangilia. "Usimwambie mtu. Mwache apande jukwaani na shahada yake, aanguke mchana kweupe. Natamani nije nikae mbele nimtazame anavyotokwa jasho."

Akacheka, kicheko kirefu, na wenzake wa kwenye duara, shimo lao la dhahabu, wakacheka naye bila kujua wanachochekea. Maneno yale yalikuwa ya Vumilia mwenyewe, neno kwa neno. Alikuwa ameyabeba tangu mchana. Lakini ilikuwa kama kuona nguo yako imevaliwa na mwenzio, ndipo unaona ilivyochakaa na inavyobana.

"Mama Minza? Upo?"

"Nipo. Mtandao unakatika," alidanganya, akakata.

Asubuhi ya Jumatano simu ya ofisi ililia. Alikuwa mzee Masele, karani wa mnada.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Minza mzima? Sikiliza, kesho na mimi ng'ombe wangu wanasafiri. Hicho kibali kipya kisije kikaandikwa ovyo. Pale kizuizini barabarani wanatafuta sababu tu. Mara ile, kwa neno moja lililokosewa, wangu walishinda juani ndani ya lori mpaka dume langu likafa. Nililipenda dume lile, wewe."

"Pole baba."

"Nimeshapoa. Ila kama ni mfumo wako, sina wasiwasi. Ni wako, si ndiyo?"

 Ndilo swali Vumilia alilotamani kuulizwa tangu Melania aje, na limekuja leo.

"Ni wa ofisi, baba," alisema.

Mchana Minza alilala juu ya khanga chini ya meza. Melania alikuwa anatafuna michembe ya viazi na karanga, kioo kimejaa kijani. Valerian alikuwa ametoka. Vumilia alisimama nyuma ya kiti chake.

"Chagua ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena, nakula mie."

"Chagua tu, Melania."

Melania alifuta vidole, akachagua. Kibali kikatokea. Taya likasimama katikati ya kutafuna.

"Ee Mungu wangu." Aliteremka kwenye msimbo, mstari kwa mstari, mpaka akaufikia. "Nani kaandika hiki?"

"Mimi. Zamani kilihitajika."

"Umeliona lini hili?"

Vumilia alijua angeweza kusema sasa hivi. Neno lilikuwa limeshakaa tayari mdomoni.

"Jana."

"Jana nikiwa nakunywa soda."

"Eeh."

Melania aligeuza kiti, akamtazama. 

"Ulitaka niumbuke Mhunze."

Chini ya meza mtoto alijigeuza, akaendelea kulala.

"Nilitaka," Vumilia alisema.

"Wewe ni mwanamke mbaya."

"Najua."

"Hujui!" Melania alipandisha sauti, kisha akamkumbuka Minza, akaishusha. "Unadhani sikujua kuna kitu? Testi haigomi bure, hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza. Nilitaka nikuulize. Kila nikigeuka nakukuta umenuna kama umelazimishwa kunywa mwarobaini. Nikasema, afadhali mbuzi. Ofisi hii kila simu inayolia ni 'nipe Mama Minza', 'Mama Minza yupo?' Miezi yote hii anayenijua jina ni mwanao, na hata yeye mnamgombeza."

Vumilia hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu mwenye shahada anaweza kumwonea wivu aliyekaa mapokezi.  Alivuta kiti, akakaa, akasogeza kibodi upande wake, akaufuta ule mstari. Aliuandika usiku mmoja miguu imevimba, na sasa ulikuwa umekwenda kwa kidole kimoja. Kibali kikatoka: ng'ombe.

"Sasa testi," alisema. "Usiifunge kwa mbuzi."

"Kila mnyama na testi yake," Melania alisema, mikono imeshaanza kuandika. "Hakuna kubahatisha."

"Na majina ya watu. Kuna kina Ng'wandu huko, kina Ng'washi. Na Nyang'hwale yenyewe, wanyama wengi wanakwenda kule."

"Nyie Wasukuma mna alama hizi nyingi mno, hamwezi kupunguza?"

"Na nyie Wahaya mkipunguza maringo, tutazungumza."

Melania alitaka kubaki amekasirika, lakini pua ilimsaliti, akachekea puani. Kazi iliwachukua mpaka jua likaanza kulegea. Mahali pamoja Vumilia alipakumbuka, mahali pengine Melania alipagundua mwenyewe. Walipoziendesha, zilianza nyekundu mbili, ikabaki moja, kisha zote zikawa kijani, wakazirudia na kuzirudia, ng'ombe akiwamo kila mara.

Valerian alirudi, akaona mabadiliko mapya kwenye kioo.

"Mmegusa tena? Kesho ndiyo mnada!" Akainama, akasoma mpaka akaelewa. "Hili lingetuua mbele za watu. Nani kaligundua?"

Vumilia alikuwa ameota swali hili. Nimeligundua mimi. Lakini baada ya 'mimi' lingefuata neno 'jana', na hilo 'jana' halikuwa na pa kujificha.  Na Melania, ambaye kwa neno moja angeweza kummaliza, alipanga karanga zake mezani, akasema:

"Tumeligundua."

Tu. Silabi moja. Vumilia aliisikia ikitua. Hata nusu ile ya sifa hakuistahili, na bado alikuwa anaitaka yote.

"Vizuri," Valerian alisema. "Basi Melania, kesho wewe ndiye unayeongoza Mhunze. Mama Minza abaki hapa kwenye seva. Likienda salama, jina lako mlangoni."

Valerian hakubadilisha kitu. Kwa nini angebadilisha?

Alhamisi Vumilia alikaa peke yake ofisini, simu sikioni. Upande wa pili aliisikia Mhunze yote: mbinja za wachungaji, ng'ombe wanalia, mtu ananadi kwa sauti iliyokauka, na Valerian akimwambia mgeni fulani, "Huyu ndiye mkuu wetu wa mifumo." Aliitoa simu sikioni, kisha akairudisha. 

"Mama Minza," Melania alinong'ona kwenye simu. "Wa kwanza huyu hapa. Ni ng'ombe, na ni wa mzee Masele. Naogopa kubofya."

"Anapelekwa wapi?"

"Nyang'hwale."

"Na mnunuzi?"

"Ng'wandu. Yote kwa pamoja, jamani."

Vumilia aliisogeza kompyuta karibu. Angeweza kumwambia bofya tu, tuone. Alifungua ukurasa wa seva, akaangalia kila kitu kimekaa mahali pake.

"Usibofye kwanza," alisema. "Nisomee herufi zote kama zilivyo kwenye kioo. Taratibu. Niko hapa nazitazama na wewe."

Melania akasoma. Vumilia akafuata kwa kidole, alama kwa alama.

"Haya," alisema. "Bofya, Mama Meli."