Herufi za Jiwe la Mama

...na bado anasema herufi nene zaidi, kaka yake huyu aliyeegemea kiti kwa nyuma na kumpumulia shingoni, kidole kimeshaacha alama kwenye kioo cha kompyuta, hapo, mdogo wangu, inenepeshe, ilaze kidogo, utadhani wanatandika kitanda, si jina la mama yao la kuchongwa kwenye jiwe la kaburi, jiwe! likishachongwa limechongwa, na mchonga mawe yuko kwenye simu, haloo, dakika mbili tu, fundi, dakika mbili zimekuwa saa nzima, maana bwana mkubwa kazikataa zote alizomwonyesha, zile nyembamba zilizosimama kwa adabu na vijimkia vyake chini, herufi za kaburi, Mungu wangu, kaka kang'ang'ania hii, nene, iliyolala upande, haina kijimkia hata kimoja, herufi ya matangazo, ya kupigia kelele matairi na magodoro nusu bei, miaka kumi na minne mdogo mtu yumo katika chumba hiki cha uchapishaji na hajathubutu kuiweka hata kwenye kadi ya harusi, inainamia mbele kama mtu anayewahi foleni, sasa mama anawahi wapi, jamani, si keshafika... "Ile ya bango lako la nje," kaka anasema, "ile ile," naam, bango ni la watu wanaopita na magari, kaburini nani atapita mbio, tangu utoto ndivyo alivyo, akishika neno haliachii, na kazi hii ni ya nani, nani kama si yeye mdogo alimtengenezea mama kadi kila mwaka, kwa mkono wake, herufi nyembamba kama uzi, mama anaipeleka dirishani, anaishika mbali, anaileta karibu, nzuri, mwanangu, nzuri sana, anaitia kabatini chini ya mashuka... "...hizo nyembamba nilikuwa namsomea mimi," anasema nini huyu? "Nini?" "Kadi zako. Macho yalikuwa yamekwisha, mdogo wangu, hakutaka ujue. Ukiondoka tu ananiita, njoo unisomee kaandika nini. Bango lako ndilo alilosoma mwenyewe, kutoka ng'ambo ya barabara," na ni kweli mama alikuwa akisimama kule ng'ambo, midomo ikicheza, naye mlangoni anamkasirikia, mama, vuka basi, nina wateja, kumbe anasoma, anamsoma yeye, na kadi zote zile, yale yasiyotoka mdomoni, nisamehe, nakupenda, yalimfikia mama kwa sauti ya kaka, kaka anayajua yote na hajamtania hata siku moja, mtu wa kutania hata msibani... "Haya, bado?" anauliza, na kidole cha mdogo mtu bado kimeganda juu ya kipanya, herufi ziko vilevile, nene, zimelala, fundi anaita haloo, haloo, na ile kadi ya mwisho, ile aliyotuma mama akiwa mgonjwa kitandani, aliyoandika nitakuja Jumapili halafu hakwenda, hiyo nayo kaka aliisoma, kwa sauti, na mama akasema nini, akasema nini alipoisikia, mwenye kujua huyu hapa nyuma ya kiti, anapumua, na yeye hathubutu kumwuliza.