Rakhi ya Moti

Daktari Kihara hakuwa mtu wa kubahatisha. Paka anayetapika akiletwa kliniki yake ya Spring Valley, yeye alianza na ulimi. Mashine zingefuata baadaye. Alimbonyeza paka Moti chini ya taya kwa kidole gumba, ulimi ukainuka. Uzi mwekundu ulikuwa umezunguka shina la ulimi, ukatokomea kooni.

"Amekula nini huyu, mama?"

Chandrika, mwenye duka la vitambaa Ngara, aliangalia pembeni. "Samaki tu. Siku tatu anatapika. Nikampa samli iteremshe." Alipouona uzi aliunyooshea mkono. "Si iko hapo, daktari? Vuta tu."

Kihara akamdaka mkono bila kuomba radhi. "Ukivuta, unamkata matumbo. Uzi umenasa huku juu, na huko chini utumbo umejikunja juu yake kama pazia kwenye kamba. Niambie ukweli sasa. Ni uzi gani? Huo uzi uko na sindano?"

"Hakuna sindano. Ni rakhi."

Kihara alikulia Dagoretti Corner, mbali na Wahindu, lakini rakhi aliijua: uzi ambao dada wa Kihindu humfunga kaka yake mkononi kila mwaka, naye kaka huahidi kumlinda. Neel, kaka yake Chandrika, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, akamwachia paka huyu. Tangu hapo kila mwaka Chandrika alimfunga Moti rakhi hiyo shingoni, mlango ukiwa umefungwa ili wanawe wasimcheke.

"Sina kaka mwingine," alisema. "Huyu akienda, nabaki na nani?"

Kihara alimhurumia, tena sana. "Haendi popote," akasema.

Alimlaza Moti kwa dawa, akakata uzi pale ulimini uachie, ndipo akampasua tumbo. Utumbo aliufungua mahali patatu, akautoa uzi kipande kipande. Mahali pa tatu palikuwa pamegeuka zambarau iliyokolea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kihara aliogopa. Akapafunika kwa kitambaa kilichoroweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akangoja. Polepole rangi ya waridi ikarudi. Akashona.

Siku kumi baadaye Moti aliletwa kutolewa nyuzi za kidonda, amenenepa na ana hasira na kila mtu. Kihara alikuwa anajipongeza kimoyomoyo alipomwona Chandrika akifungua mkoba na kutoa rakhi mpya, inayometameta, akiipeleka shingoni mwa paka.

"Mama! Tumemaliza juzi tu!" Kihara alifoka. "Paka na uzi, basi. Usimfunge tena, hata siku moja."

Chandrika aliishusha rakhi mezani. Kihara akajichukia kwa ukali wake.

Moti alikuwa tayari ameukodolea macho ule uzi. Kihara akauokota kabla hajaurukia, akampa Chandrika, kisha akakunja mkono wa shati na kuuweka mkono wake wa kulia mezani.

"Funga hapa," akasema. "Mimi sitafuni."