Bei Njoo Inboksi

"Andika bei, Mwajuma. Elfu themanini. Iandike waione."

"Siandiki, Mwalimu. Ukitaka kuuza, niachie mimi. Ukitaka kufundisha, shule iko kule."

Wanawake waliojaa barazani kwangu waliangua kicheko, na mimi, kama kawaida yangu nikipata wasikilizaji, nikapandisha sauti. Mwalimu Esta hakucheka. Alikuwa amesimama uani kwangu, hapa Magomeni ya kwetu kusini, si ile ya Darisalama, ameshika kiti cha magurudumu cha marehemu mumewe, Filipo, kwa mikono miwili, kana kwamba akikiachia kitateremka chenyewe mpaka barabarani.

"Bei ikiwa wazi, tangazo limekufa," nikamwambia. "Mtu anaisoma, anaguna, anapita. Usipoiandika, anauliza. Akishauliza nimemkamata."

"Mwenye mgonjwa hataki kukamatwa. Ameshaulizwa maswali hospitali, ameulizwa msikitini, ameulizwa kisimani. Mwache aione bei, ajipime huko huko kwake, kimya kimya. Akiona anaweza, atakuja."

"Basi kigawe bure, tujue moja."

"Cha bure watakigombania hata wasio na mgonjwa, wakakianikie nguo. Filipo alisema kipate mtu wa kukikalia. Hilo tu, Mwajuma. Nakuomba hilo tu."

Alikuwa na wiki mbili. Uhamisho wa kurudi kwao Njombe ulikuwa umeshatoka, nyumba ya kupanga imeshapata mpangaji mwingine, na vitu vyote vilikuwa vimeondoka kasoro hicho kiti. Filipo alikuwa mwendesha winchi bandarini. Kiharusi kilimkuta katikati ya msimu wa korosho, meli zimejipanga, na wenzake wa zamu walichangishana wakamnunulia kiti kipya, cheusi, chenye breki pande zote mbili. Kwa miaka miwili Esta alimsukuma juu ya mchanga wa mtaa wetu mpaka kwangu, akamwegesha kando ya wacheza karata, naye akawa anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Alikuwa hachoki kucheka, yule mwanamume. Siku aliyofariki, kiti kilibaki uani kwao na mto wake juu yake, hakuna aliyethubutu kuusogeza.

Niseme ukweli wangu hapa, maana wakati ule nisingeusema hata ungenibana na mlango. Nilikuwa na kundi langu la wasapu, Gulio la Majirani, watu mia nne na ushee, kuanzia mjini hapa mpaka Msimbati. Anayeuza kabati ananitumia picha, mimi natangaza, mara kwa maandishi, mara kwa ujumbe wa sauti. Sikuchukua senti ya udalali. Malipo yangu yalikuwa habari. Mtu anauza kitanda cha sita kwa sita ambacho hakijamaliza mwaka: hiyo ndoa imevunjika, na mimi nimejua kabla ya mama mkwe. Mtu anaulizia kitanda cha mtoto mchanga, na mumewe yuko Darisalama tangu Idi ya mwaka juzi: hapo sina haja ya kuelezwa. Bei ikifichwa, kila mtu lazima apitie kwangu kwanza, na hakupita mtu kwangu asiache kitu. Jioni ilipofika baraza lilijaa, chai inaungwa tangawizi, na mimi ndiye niliyekuwa na la kusema.

Nikatangaza. Picha tatu, na chini yake: *Kiti cha mgonjwa, kizima kabisa. Bei njoo inboksi.*

Walikuja kumi na wawili. Saba walitaka kujua tu kama ni kile cha Filipo. Mmoja alikuwa muuza vyuma chakavu. Wengine sikumbuki. Siku ya tatu ikaingia namba ngeni, haina jina wala picha.

*Dada, salaam alekum. Kile kiti ni shilingi ngapi?*

Ningeandika neno moja. Mpaka leo nikiwa nachambua mchele neno hilo linanijia: *themanini*. Badala yake nikaandika: *Waalekum salaam, karibu sana. Mgonjwa ni nani? Anaumwa nini? Uko wapi?*

Akakaa kidogo. *Mpapura.*

*Mgonjwa ni nani yako?*

Akakaa zaidi. *Mama.*

*Maskini! Mama nani? Huko Mpapura nawajua wengi. Ameanza lini?*

Akasoma. Hakujibu.

Nilimngoja mpaka adhuhuri, kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni wema, tena wema wenye uchangamfu. Nikaandika kwenye kundi, mbele ya mia nne na ushee: *Wewe kaka wa Mpapura mwenye mama asiyetembea, mbona umenikimbia? Njoo, mimi siumi! Kiti kipo!* Nikaweka na vikatuni vya kucheka.

Kundi lilichangamka kama soko. Watu wa Mpapura walikuwamo. Atakuwa mama wa fulani, akasema mmoja. Hapana, wa fulani mbona nimemwona shambani. Ni Bi Somoe, akasema wa tatu, ndiyo maana haonekani, mwanawe anatuambia yuko Newala kwa ndugu. Wa nne akauliza: ugonjwa huo wa miguu ni wa Mungu au wa kurogwa na watu? Nikasoma yote kwa sauti pale barazani, na baraza likacheka, likasikitika, likacheka tena. Baada ya nusu saa ile namba ngeni ikajitoa kwenye kundi.

"Umemfanya nini yule?" Esta akaniuliza nilipomweleza.

"Kakimbia mwenyewe. Hela hana, huyo."

Nilidhani atanifokea, maana alikuwa na sauti ya darasani inayovuka ukuta. Akaniambia tu, "Hukumwambia ni ngapi," akaenda kufunga mizigo yake.

Aliondoka Jumamosi na kuniachia kiti. "Kikipata mtu, mpe," alisema kabla ya kupanda gari. Nikakiweka sebuleni. Nyumba yangu ilikuwa inajaa, na ikijaa viti havitoshi, basi watu wakawa wanakikalia. Shoga zangu walikikalia wakisukwa. Watu wazima na akili zao walizungushana nacho sebuleni wakicheka. Esta alipiga simu mara mbili kutoka Njombe kuulizia, na mara zote mbili nilimwambia kuna mtu anakuja, kesho keshokutwa.

Siku hizi mtu akituma tangazo lisilo na bei nalifuta papo hapo. Wananiita mkali, wengine wamehamia makundi mengine, na baraza langu limepungua. Kiti chenyewe nilikuja kukiandikia elfu themanini, wazi, na kabla ya saa sita mchana mtu alikuwa ameshakifunga nyuma ya pikipiki. Mpaka leo simjui jina, na simjui mgonjwa wake. Alisema asante, nikasema haya.

Lakini hiyo ilikuwa baada ya mimi kwenda Mpapura.

Habari ilikuja ndani ya kundi lile lile, kati ya tangazo la jokofu na tangazo la mbuzi: Bi Somoe amefariki, amezikwa jana. Nilikaa na simu mkononi mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Siku ya kumaliza matanga nikajifunga kanga, nikakodi bodaboda, nikaenda. Kiti nilikiacha. Ningekipeleka kwa nani?

Ilikuwa msimu wa korosho, mabibo yameanguka chini ya miti, harufu yake kali imetanda njia nzima. Wanawake walijaa nyumba nzima ya Bi Somoe, na pale uani, katika maneno yao ya chini chini, nikajua habari niliyokuwa sijaiulizia. Alikuwa kungwi. Zaidi ya nusu ya wanawake wa Mpapura walichezwa unyago na yeye, na walivyosimulia, hakuna aliyesimama ngomani kama yeye: mgongo umenyooka, kisigino kinapiga ardhi kama mchi. Miguu ilipomwishia nguvu alimwambia mwanawe, Yusufu, asimwambie mtu. Hakutaka wale aliowafundisha kusimama wamwone anatambaa.

"Halafu likatoka lile tangazo," mmoja akasema, hakunijua. "Tukaja wote kumtazama, siku hiyo hiyo. Akageukia ukutani. Hakugeuka tena, mama wa watu. Hata barazani hakutaka kubebwa."

Nikanyanyuka nitoke kabla mtu hajaniuliza natokea wapi. Nyuma ya nyumba, karibu na mafiga, mwanamume wa miaka arobaini hivi alikuwa anapanga sahani juu ya jamvi, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nikasema pole. Mikono yake ikasimama.

"Sauti yako naijua," alisema. "Wewe ndiye wa gulio. Ulikuwa unatuma ujumbe wa sauti."

"Ndiye mimi."

"Mimi Yusufu."

"Najua, kaka."

Akapanga sahani moja, akaifuta kwa kiganja, akapanga nyingine.

"Nilikuwa na laki na ishirini," akasema. "Nilitaka kujua kama inafika."

Mimi, Mwajuma wa Magomeni, ambaye hata kwenye foleni ya hospitali naanzisha mazungumzo, nilisimama pale nikitazama mchanga. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutukanwa, na nilikuwa na majibu, na machozi, na kisa cha Filipo chote tayari mdomoni. Hakunipa nafasi ya hata kimoja.

Nikavuta kanga yangu, nikasema naondoka, bodaboda inanisubiri.

"Umetoka mbali," Yusufu akasema. Akachukua sahani kutoka kwenye jamvi, akaitia wali, akaweka nyama mbili juu, akaifunika na nyingine. Kisha akaita kuelekea mlangoni, "Nasra! Kuna mgeni huku, msogezeni apate pa kukaa." Akanigeukia, bila kunitazama usoni.

"Ingia ndani, dada. Wenzako wanakula."