Vijana wa Kutundikwa Mbele

Pale sokoni Mchikichini robota la mitumba likifunguliwa, nguo nzuri hutundikwa mbele, zilizochoka humwagwa chini kwenye turubai. Ndivyo mwenyekiti wa soko, Rogath, alivyotaka kuwafanya vijana, siku ambayo Vicky, mtathmini kutoka ofisi za mjini Posta, alikuja kupima kama mradi wa soko unawatoa kwenye uporaji wa mapanga. Kila mfanyabiashara alikuwa amechukua kijana mmoja, amfundishe kazi na kumwangalia.

"Wako abaki nyumbani," Rogath alimwambia Matilda, mama Nice, muuza mitumba. "Kovu usoni, mdomo kama spika mbovu. Atatuharibia."

Lakini Haruna, kijana wa Matilda, alikuwa ameshafika, shati limenyooshwa.

"Shikamoo, mama Nice."

"Marahaba. Hee! Umependeza hivyo, wateja si watauliza bei yako?"

"Leo namwambia yule dada nimeacha panga. Asikie kwa mdomo wangu."

Matilda aliiweka sawa kola ya lile shati, ingawa ilikuwa sawa. "Leo pumzika, baba. Njoo kesho."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

Haruna akacheka kidogo, kama mteja aliyeambiwa saizi yake haipo, akaondoka.

Vicky alizungushwa sokoni. Vijana waliotundikwa walijibu vizuri mno. Mmoja alitamka "mabadiliko ya tabia" kwa kituo, kama alivyokaririshwa, na Rogath akapiga makofi peke yake.

Mchana Moza, muuza chai, alikuja mbio. Kule Jangwani vijana walikuwa wamepora simu. Wengine wakakimbia, mmoja akashikwa. Watu wakampiga mpaka akafa.

"Yule wa kovu," Moza alisema, akihema. "Haruna. Alikuwa amekaa tu na wale wenzake wa zamani."

Vicky akainua kalamu. "Ni kijana wa mradi?"

"Hapana," Rogath aliwahi. "Wa mitaani huyo."

Vijana wote wakamtazama Matilda. Akinyamaza, mradi unapita, nao wanabaki na kazi. Haruna anabaki mwizi.

"Wa kwangu," Matilda alisema. "Asubuhi alikuja kukuona. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Mama Nice!"

"Niache, Rogath. Dada, mwandike. Alikuwa ameacha. Mpaka tulipomfukuza, alikuwa ameacha."

Vicky aliandika. Matilda akafunika meza yake kwa turubai, akatoka haraka kwenda kwa mama yake Haruna, asije akaambiwa na watu wa njiani.