Mstari wa Chini Kabisa

Viazi vya Chepngeno vilikuwa vimenawiri kiasi cha kumkera mtu. Majani yalikuwa mazito, yamefunika udongo wote, na Linah hakuwa na namna ya kuyakwepa kwa sababu mlango wa jiko lake ulitazamana na shamba hilo la jirani. Akikoroga uji, anayaona. Akianika nguo, anayaona. Chepngeno alikuwa mjane, lakini hilo Linah hakulitazama. Alitazama viazi.

Shamba lake mwenyewe lilikuwa upande wake wa ua uliotenganisha mashamba hayo mawili, na lilikuwa limegeuka msitu wa magugu. Mwaka uliopita ugonjwa wa blaiti ulipita humo kwa siku nne tu, viazi vikaoza ardhini hata mbegu asipate. Mumewe Kiprugut akafunga begi akateremka Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Sasa amepanga chumba Karagita na hupiga simu Jumamosi. Linah hakuinua jembe tena. Kanisani aliendelea kuimba, maana sauti anayo, lakini kujiombea aliacha. Alikuwa ameomba mwaka mzima, na majibu aliyaona.

Sasa, akina mama wa kanisa lao hapa Kuresoi wana desturi yao. Ukifika wakati wa kupandishia viazi udongo, huzuru mashamba ya wenzao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mama hupewa mstari wake, na anapolima humwombea mwenye shamba kimyakimya tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Ni desturi nzuri sana, kwa mtu aliyeamka na moyo mzuri.

Walipokwenda kwa Chepngeno, Linah alipewa mstari wa chini kabisa, unaopakana na ua wake. Alianza vizuri. "Mungu mbariki Chepngeno," akasema moyoni, hatua tatu nzima. Kisha akamsikia Chepngeno mwenyewe akicheka huko juu, kicheko cha mtu aliyelala usingizi mnono, na wivu ukampanda. Akamkumbuka Jumapili, amesimama kutoa ushuhuda na kitambaa kipya kichwani: "Mungu hajawahi kuniacha!" Kwani aliyeachwa ni nani? Linah akashindilia jembe. "Bwana, naye aonje," akaomba. "Hata kidogo tu. Aonje ajue." Akaomba hivyo mpaka mwisho wa mstari, akanawa mikono, akanywa chai ya Chepngeno vikombe viwili.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya ukungu mzito, alikuwa akimkatia ng'ombe nyasi kando ya ua alipoona jani lenye doa jeusi. Akapenyeza mkono, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na utando mweupe. Akaruka ua, akakagua mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Safi. Blaiti ilikuwa imeshika mstari mmoja tu, ule wake.

Tusifichane: kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Haikudumu. Akaketi palepale matutani. Aliujua ugonjwa huo kuliko mtu yeyote kijijini. Dawa ikipigwa leo, shamba litapona. Yeye akinyamaza siku tatu, Chepngeno atachimba uozo. Na akisema, kila mama atakumbuka mstari ule ulikuwa wa nani.

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Yule aliyeombwa.

"Mwaka mzima ulininyamazia," Linah akasema kwa sauti, machozi yakimtoka, "ndiyo leo unajibu? Ombi hilo? Si ungeachana nalo tu!" Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli kumwambia Mungu tangu viazi vyake vioze. "Usinisikilize, Bwana. Tafadhali. Futa."

Kisha akapanda mlima mbio. Chepngeno, mama yake Fancy, alikuwa akikamua.

"Mama Fancy, piga dawa leo! Si kesho. Blaiti imeingia mstari wa chini."

"Weh! Una uhakika?"

"Wacha maziwa, lete pampu!"

Waling'oa mstari ule wote wakaufukia mbali, wakapokezana pampu ya mgongoni mpaka shamba lote likalowa dawa. Saa nane mchana walikuwa wameketi nyasini, hoi. Hapo ndipo Linah alipotapika yote: kile kicheko, ule ushuhuda, lile ombi. Alisema akitazama viatu vyake.

Chepngeno akang'oa jani la nyasi, akalichana katikati.

"Mwaka jana kwako nilipewa mstari wa katikati," akasema. "Wewe na Kiprugut mlikuwa mnabebeana pampu mkitaniana. Mimi wangu nimemzika. Unafikiri niliomba? Nilimuuliza Mungu, kwani huyu Linah ni nani? Mpaka mwisho wa mstari. Vyako vilipooza nilishindwa hata kuja kukupa pole."

"Na ule ushuhuda?"

"Huo najiambia mimi mwenyewe, ili nipate kuamka Jumatatu."

Linah akamtazama usoni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona.

"Na hii blaiti haikutoka mbinguni," Chepngeno akaendelea, akinyoosha kidole ng'ambo ya ua. "Imevuka ua tu. Tazama pale kwako."

Katikati ya magugu kulikuwa na mashina ya viazi vilivyojiotea vyenyewe, mabaki ya mwaka jana, majani yameungua meusi. Vilikuwa vikiugua pale msimu mzima, hatua tano kutoka mlango wa jiko, na macho ya Linah yakivuka juu yake kila siku kwenda kwa jirani. Aibu ikamshika.

"Mungu hafanyi kazi ya wivu, dada," Chepngeno akasema. "Angekuwa anaifanya, Kuresoi yote hii ingebaki mawe."

Linah akalitafakari hilo. Basi ombi lake baya Mungu alikuwa amelisikia na kulikataa, kwa huruma tu. Na kama siku ile alikuwa akisikia, basi hata mwaka ule wa kimya alikuwepo. Kitu kilichokuwa kimefungwa kifuani mwake kwa mwaka mzima kikaanza kulegea. Hakujua alie au acheke, akafanya yote mawili.

Chepngeno akasimama, akachukua majembe mawili.

"Twende tuvitoe. Msimu huu panda kabichi, udongo upumzike. Viazi vitarudi."

Wakavuka ua. Linah akasimama kwenye magugu yake, akashika jembe, kisha akamwonyesha mwenzake mahali pa kuanzia.

"Wewe chukua huu wa katikati," akasema. "Lakini leo omba kwa sauti, nikusikie."