Kuogopa Kitanda

Sindano ya cherehani ilipopenya ukucha wangu, nilikuwa naota navuka mto wa hariri nyeupe ambao maji yake hayalowanishi miguu. Nilipofumbua macho, gauni la bibi harusi lilikuwa na damu kifuani, na mwenyewe amesimama mlangoni, kaja kulijaribu.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Fundi, kwani wewe unalala saa ngapi?"

Ulikuwa mwezi wa tano mfululizo sijapata usingizi wa maana. Mchana nilielea kama niko chini ya maji, sauti za wateja zikinifikia zimechelewa. Usiku, kichwa kikigusa mto tu, macho yalikauka. Dada yangu, niliyeishi naye, alinichemshia maziwa, akanifichia simu. Siku ile ya sindano alinikokota hospitali.

Baada ya vipimo, daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisoma majibu. "Damu safi. Moyo safi. Kichwani hamna kitu."

"Hilo hata mimi ningekwambia," dada akasema.

Sikucheka. "Kwa hiyo nazua, daktari?"

"Hapana. Mwili hauna kasoro, lakini unaumwa. Umejifunza kuogopa kitanda. Ilianza lini?"

Nilitazama kidole changu kilichofungwa bandeji. Ilianza tulipomzika baba. Usiku wake wa mwisho, zamu ya kumwangalia ilikuwa yangu. Nilizinduka asubuhi, mkono wake umeshapoa ndani ya wangu. Watu wote niliwaambia nilikuwa macho hadi pumzi ya mwisho.

"Nililala, dada," nikasema. "Niliwadanganya."

Dada alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Najua. Nilichungulia alfajiri. Wewe unakoroma, baba anakutazama. Akaweka kidole mdomoni, nisikuamshe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema ulikuwa macho. Nikaona nisikuvue hilo."

Daktari alituacha tulie hadi tukamaliza. Kisha akaniandikia, si vidonge, bali masharti: niamke saa kumi na mbili kila siku, nimelala sijalala, mchana nisijinyooshe, nipande kitandani macho yakiwa mazito tu, na usingizi ukigoma, nitoke nikakae sebuleni hadi uje wenyewe.

Msidhani nililala siku hiyo. Wiki ya kwanza nilitembea kama mlevi, nikamtukana daktari kimoyomoyo. Gauni nililifumua kifua chote, nikalishona upya, dada akinifinya kila nikisinzia. Wiki ya pili nilipata saa mbili za usingizi, kisha tatu.

Asubuhi moja, katika wiki ya tano, nilimkuta dada anasukuma maji kwa ufagio, sebule nzima imelowa.

"Na mvua ile!" akasema. "Radi zimepiga hadi kioo cha dirisha kimepasuka. Nilidhani paa linaondoka."

Nikasimama kizingitini, miguu mitupu ndani ya maji ya baridi.

"Mvua gani?" nikauliza.

Dada akaegemeza ufagio ukutani, taratibu, kana kwamba bado nimelala.